Oda imefika salama, aliyeileta je?

Kuna ubishi kati yangu na dada yangu ambao haujaisha tangu 2020 ile. Kipindi cha korona nani alikuwa mwangalifu zaidi, yeye aliyekuwa anaagiza kila kitu kwa simu mpaka betri za rimoti, au mimi niliyekuwa navaa barakoa yangu mara moja kila wiki mbili naenda supamaketi mwenyewe narudi? Yeye anasema nilikuwa nacheza na moto. Mimi namwambia hakuacha kwenda dukani, alimtuma mtu mwingine akaenda kwa niaba yake, basi. Na kabla hajanipigia simu (anasoma hapa, namjua), niseme kwamba sijaja kumsema yeye peke yake maana mimi mwenyewe miezi ile ya mwanzo nilikuwa kituko.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na mwezi huohuo ukatoka ule utafiti wa kirusi cha korona kinadumu muda gani kwenye vitu: plastiki na chuma hadi saa 72, boksi la karatasi hadi saa 24. Hizo namba zilizunguka kwenye magrupu kama moto wa nyikani ila zilizunguka bila mkia. Mkia wenyewe ni kwamba watafiti walikuwa maabara, wamemwaga virusi vingi makusudi, na kwenye plastiki nguvu ya kirusi ilikuwa inapungua kwa nusu kila baada ya saa saba hivi, yaani ukiacha kitu siku moja tu inabaki chini ya sehemu ya kumi ya kile ulichoanza nacho, na hizo saa 72 ndo mabaki ya mwisho kabisa waliyoweza kuyaona. Lakini nani alisoma mpaka huko? Mi nilisoma "saa 72" nikaenda kununua klorini.

Basi ikawa nikirudi dukani naweka beseni koridoni, glovu mikononi, kitambaa, naanza kufuta kimoja kimoja. Mikebe ikatoka lebo yote. Wiki nzima tukawa tunatikisa mkebe sikioni tunakisia ndani kuna nini, na mara mbili tulikisia vibaya tukala tulichofungua hivyohivyo. Macho yanawasha kwa klorini, koo linakereketa, mke wangu anauliza hiyo ni korona au ni hilo beseni lako. Na katika usafi wote huo kitu kimoja sikukigusa na kitambaa hata siku moja: simu. Simu hiyohiyo niliyokuwa nimeishika dukani nasoma orodha, kwa glovu hizohizo, alafu jioni naiweka sikioni.

Ila hata simu siyo kosa lenyewe. Kosa lilikuwa dukani. Nilikuwa nasimama foleni ya keshia dakika ishirini, madirisha yamefungwa, jamaa nyuma yangu anaongea na simu kwa sauti mpaka naisikia pumzi yake shingoni, na barakoa nimeishusha chini ya pua kwa sababu miwani inaingia ukungu. Hilo sikulihesabu kabisa kama hatari! Hatari niliyoijua mimi ilikuwa kwenye mfuko.

Kumbe hesabu ilikuwa kinyume. Januari 2020, kwenye mgahawa mmoja mjini Guangzhou, China, familia tatu zilikaa meza za jirani, kiyoyozi kinazungusha hewa ileile juu yao, na watu kumi wa familia hizo wakaambatana kuugua. Hakuna mfuko wala boksi walilopokezana, walichoshiriki ni hewa. Na Aprili 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikaja kusema kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mara moja sehemu yenye kirusi kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutoka halikuwa nitagusa nini. Ni nitakaa humo ndani muda gani, tutakuwa wangapi, hewa inatembea au imelala, na watu wanaongea au wamenyamaza.

Sa ukishajua ni hewa, ile raha ya "mi naagiza, mi niko salama" inabidi uiangalie vizuri. Wewe uko salama kweli, sibishi. Lakini kile kikapu hakijijazi. Kuna mtu anazunguka na orodha yako humohumo ndani ya hewa ileile uliyoikimbia, akimaliza yako anashika ya mwingine, saa nane kwa siku, na hatari ya hiyo hewa inategemea umeivuta kiasi gani, anayekaa dakika kumi na tano na anayekaa saa nane hawako sawa. Alafu kuna dereva, anapanda lifti za watu, anagonga milango thelathini. Nchi nyingi huyo dereva kwenye karatasi siyo mwajiriwa, anahesabiwa kama mtu aliyejiajiri, kwa hiyo akiamka na homa chaguo lake ni kwenda kazini na homa au kulala bila hela.

Hapa dada huwa ananikata: mtu mmoja akiwachukulia watu kumi si bora kuliko watu kumi wote kujazana ndani? Na hapo, jamani, ana hoja. Msongamano unapungua kweli, hata huyo mfanyakazi anapumua vizuri zaidi duka likiwa halijafurika. Amazon wenyewe, kampuni ya kuuza vitu mtandaoni, walisema Oktoba 2020 kwamba karibu wafanyakazi wao 20,000 wa mstari wa mbele Marekani walikuwa wamepata korona au kudhaniwa wameipata, kati ya kama milioni 1.37, wakadai kiwango hicho ni cha chini kuliko cha raia wa kawaida. Unaweza kuisoma hiyo namba kwa kuringa au kwa kuogopa, mi nilivyoisoma nilifikiria watu 20,000 ni uwanja wa mpira. Hata hivyo hoja yake inasimama pale tu oda inapokuwa ya maana, moja kubwa ya wiki mbili. Ukiagiza leo sabuni, kesho chaja, keshokutwa umesahau kitu unaagiza tena, hujapunguza safari hata moja, umeziongeza na umempa mtu mwingine azitembee.

Mara chache nilizoagiza mimi kuna moja haijanitoka. Jamaa kaweka mzigo mlangoni, kabonyeza kengele, karudi nyuma hatua kama nne kama tulivyoambiwa. Mimi niko nyuma ya pazia. Akashusha barakoa apumue, akajifuta uso na mkono wa jaketi, akaupiga mfuko picha ya ushahidi, akakohoa mara mbili. Basi nikakaa dakika kumi nzima ndo nikafungua mlango. Dakika kumi namwogopa, na haikunijia hata sekunde moja kujiuliza yeye ile kohoo kaitoa kwa nani, labda kwa mteja kama mimi aliyefungua mlango haraka.

Kuna na hatari nyingine hazina kirusi. Niliagiza barakoa kwenye duka moja la mtandaoni, nikalipa, baada ya siku tatu tovuti haipo. Nilisema nimejifunza. Alafu Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaanza kutoa tahadhari kuhusu sanitaiza zenye methanoli, pombe ya sumu ambayo mtu akiinywa inaweza kumpofusha au kumuua, na mimi nilikuwa na chupa mbili za bei poa nimeagiza kusikojulikana. Nilizitupa. Sikujua zina nini, ndo maana nilizitupa.

Wa kuagiziwa bila mjadala alikuwa mama. Umri umeenda, presha, sukari, kila kitu kilichotajwa kwenye zile tahadhari anacho. Tukamwambia Mama usitoke, tutakuletea. Akakubali wiki sita. Ya saba akapiga simu: "Mwanangu, nimeona kuta mpaka nimezijua nyufa zake. Hata duka nisilione?" Na hapo ndo niligundua kwamba sisi tulipima hatari moja tu. Kukaa peke yako hakuna utafiti wa saa 72, ila unamwona mtu anavyoanza kujibu kwa neno mojamoja kwenye simu.

Tukakubaliana hivi: maduka mengi wakati ule yalitenga saa ya kwanza asubuhi kwa wazee, duka bado tupu, hakuna watu wengi waliokwishapumua humo. Akawa anaenda Jumanne, barakoa imekaa vizuri puani, orodha tumeipanga kufuata mpangilio wa rafu asizunguke, dakika kumi na tano ametoka. Vizito tunaagiza mara moja kwa mwezi. Dada hakupenda. Mpaka leo anasema tulibahatisha, na sina cha kumjibu, huenda kweli tulibahatisha.

Ila dada, kwa kuwa unasoma: oda za mama nakupa, oda zako ulipokuwa mgonjwa nakupa, hata ile ya mito ya sofa naifumbia macho. Zile betri mbili za rimoti, saa tatu usiku, mvua inanyesha, hizo hapana.