p=none hailindi mtu

DMARC ni rekodi inayowekwa kwenye DNS (orodha ya mtandaoni ya taarifa za vikoa, yaani majina kama ofisi.co.tz) kuziambia seva zifanye nini na barua pepe isiyothibitika kuwa ni yenu. Ikiwa na p=none, huomba ripoti tu. Tapeli anayetuma barua pepe kwa jina la ofisi yenu ataendelea kupita kama kawaida. Tangu Februari 2024, Google inadai DMARC kwa wanaopeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye Gmail, na p=none inatosha kutimiza sharti hilo; si ajabu wengi huishia hapo. Kwangu, kuiacha hivyo mwaka mzima ni kuwatelekeza wateja.

SMTP ya mwaka 1982, yaani utaratibu wa kusafirisha barua pepe, haikuweka njia ya kumthibitisha mtumaji. SPF huorodhesha seva zinazoruhusiwa kutumia kikoa chenu, na DKIM hutia barua saini ya kidijitali. Lakini SPF hukagua anwani ya bahasha, ambayo seva hupeana wakati wa kupeleka barua na msomaji haioni. Tapeli huweka kikoa chake kwenye bahasha, SPF ikapita, huku From, anwani ya mtumaji anayoiona msomaji, ikisema ni benki. DMARC ndiyo inayodai kikoa kilichothibitishwa kioane na cha From.

Anzeni na p=none pamoja na rua, yaani anwani ya kupokelea ripoti, kwa wiki nne hivi. Humo itajitokeza mifumo mliyoisahau: programu ya ankara, ya jarida, hata skana inayotuma nakala. Iwekeeni saini ya DKIM kila inapowezekana, kisha pandeni hadi p=quarantine (barua isiyothibitika itengwe), halafu p=reject (ikataliwe).

SPF huwaangusha wengi kwenye hesabu. Kila include, yaani agizo la kujumuisha orodha ya kikoa kingine, ni swali kwa DNS, na include iliyo ndani ya nyingine nayo huhesabiwa. Maswali yakizidi 10, matokeo ni permerror, yaani kosa la kudumu, na SPF haipiti. Kuwa na rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja huleta kosa lilelile. Ufunguo wa DKIM wa biti 2048 nao huzidi herufi 255, kikomo cha kipande kimoja cha rekodi, hivyo baadhi ya paneli za DNS hutaka ukatwe vipande. Barua ikielekezwa kwenye anwani nyingine, SPF kwa kawaida hufeli, maana seva ya kati haimo kwenye orodha. DKIM huiokoa, ilimradi hakuna aliyeongeza maneno mwishoni.

Kwenye kichujio cha barua zinazoingia, kosa la hatari kuliko yote ni kuruhusu kikoa cha muuzaji kwa kuangalia From peke yake. Mmemfungulia mlango kila anayeghushi jina hilo. Ongezeni sharti la dmarc=pass, yaani barua iwe imepita DMARC.

Hata hivyo, pass si cheti cha uaminifu. Kikoa kinachoiga cha wengine, ambacho herufi l imegeuzwa namba 1, kinaweza kupita SPF, DKIM na DMARC, kwa kuwa tapeli ndiye mwenye nacho. Barua ya nje iliyobeba jina la mkurugenzi wenu itengwe. Reply-To (anwani ya kupokelea majibu) yenye kikoa tofauti na cha From ipewe onyo. Na barua inayobadilisha akaunti ya malipo ithibitishwe kwa kupiga namba iliyo kwenye mkataba, si ile iliyoandikwa ndani yake.