Nakala za vitu ziwekwe stoo mapema

Kila ninapoandika mchezo wa maandishi, ambao mchezaji huucheza kwa kuandika amri, kwa Inform, lugha ya kuundia michezo hiyo aliyoianzisha Graham Nelson mwaka 1993, hufika mahali palepale: mchezaji anahitaji sarafu nyingi, nami nimeunda moja. Wengi wangependa sarafu mpya izaliwe papo hapo, mchezo ukiendelea. TADS 3, lugha nyingine ya kazi hiyohiyo, inaruhusu hivyo, unaandika `new` na kitu kipo. Mimi bado nasimama na utaratibu wa Inform 6, toleo la sita la Inform.

Humo unaandika `Class Sarafu(10);` na umeshatenga sarafu kumi. Ukiita `Sarafu.create()` unapewa moja kutoka stoo. Ukiiharibu kwa `destroy`, inarudi stoo. Zikiisha, jibu ni `nothing`, yaani hakuna kitu. Watu huuona huu ubahili, lakini una chanzo chake. Inform ilianza kwa kulenga Z-machine, mashine ya kufikirika ambayo kampuni ya michezo ya Infocom iliibuni mwaka 1979 ili mchezo uleule uendeshwe kwenye kompyuta za aina tofauti. Orodha ya vitu vyake hupangwa wakati wa kukompaili, yaani kugeuza maandishi ya mwandishi kuwa mchezo unaochezeka, na haiongezeki tena. Katika toleo la 3 la mashine hiyo, vitu vyote, hata vyumba, havizidi 255.

Ninachokipenda ni kwamba idadi hiyo inanilazimisha kufikiri kabla. Nakala si picha tu. Mchezaji lazima aweze kuitaja. Niliwahi kuweka vibatari vinne vyenye majina yaleyale. Mchezaji akawasha kimoja, akakiacha sakafuni, akabeba kingine. Alipoamuru kibatari kizimwe, mchezo ukachukua cha mkononi na kumjibu kwamba kimeshazimwa. Sakafuni moto unawaka! Kwa Inform vile vinne vilikuwa kitu kimoja, kwa sababu hakuna neno lililovitenganisha. Ikabidi niandike `parse_name`, sehemu ya kitu inayosoma maneno ya mchezaji, ili neno "kinachowaka" litambulike, kazi iliyonila jioni nzima. Kuzaa nakala papo hapo kusingenisaidia hata kidogo. Ningekuwa na vibatari vingi zaidi visivyotajika.

Tangu hapo, kabla ya kunakili najiuliza kama mchezaji atawahi kushika viwili kwa wakati mmoja. Mara nyingi hapana. Kisima cha mchezo ninaouandika sasa kina maji ya ndoo moja tu: mchezaji akiyamwaga, nayarudisha kisimani, naye atachota tena asubuhi hadi jioni.