Dawa ya meno yenye floraidi: mtoto wa Arumeru aiache?

Tangu mji wa Grand Rapids, Marekani, uanze kutia madini ya floraidi kwenye maji ya bomba mwaka 1945 ili meno ya watoto yasioze, ubishi haujaisha. Kipimo kinachopendekezwa huko leo ni miligramu 0.7 kwa lita. Huku Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha, hakuna aliyetia kitu, lakini visima na chemchemi nyingi hupita 1.5, ukomo wa Shirika la Afya Duniani, tena vingine mara kadhaa. Ndiyo maana wapo wazazi ambao, wakiona meno ya mtoto mkubwa yaliyogeuka kahawia kwa floraidi kuzidi, humkataza mdogo dawa ya meno yenye floraidi.

Hofu yao ina msingi. Madhara hayo huingia jino la ukubwani likiwa bado linajengwa ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, na mtoto wa miaka 2 hajui kutema. Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 12, kwa ukomo wa Marekani wa miligramu 0.1 kwa kilo, asizidishe miligramu 1.2 kwa siku. Dawa yenye nguvu ya 1000 ina miligramu 1 katika kila gramu. Ukijaza mswaki mzima, gramu 1 hivi, asubuhi na jioni, naye akameza yote, hizo ni 2. Ameshapita.

Lakini ukipaka kiasi cha punje ya mchele, gramu 0.1, hata akimeza mara zote mbili ni 0.2 tu. Maji yenye miligramu 4 kwa lita, akinywa mililita 800 pamoja na uji, yanampa 3.2. Mkosaji mkuu yumo kwenye ndoo.

Na kumnyima dawa kuna gharama. Floraidi ya mswaki hufanya kazi juu ya jino: asidi inayotokana na sukari ikinyonya madini, floraidi husaidia kuyarudisha. Wala jino la kahawia halina kinga. Likiharibika sana uso wake huchimbika vishimo, chakula hunasa humo na jino huoza upesi.

Kwa hiyo apigwe mswaki, mzazi akipaka dawa mwenyewe: punje ya mchele kabla ya miaka 3, punje ya njegere hadi 6, ateme bila kusukutua. Juhudi kubwa iende kwenye maji. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, huzidi kukolea. Uji wa mtoto upikwe kwa maji safi ya mvua, na makande yake yasitiwe magadi, kwani nayo yana floraidi. Chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hupunguza vizuri, ila mifupa isipoungua vya kutosha maji hunuka. Tena mkaa huchoka kimyakimya: ladha haibadiliki, rangi haibadiliki, na floraidi inapita kama zamani mpaka maji yapimwe na mkaa ubadilishwe.