Mnaiua Honda Yangu!

Krenki ya Honda CG125, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, si kipande kimoja cha chuma. Ni sahani mbili nzito, kila moja na shafti yake, zimeunganishwa na pini moja inayopita kwenye tundu kubwa la konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na krenki. Hakuna nati, hakuna bolti, hakuna weldingi. Pini imezidi matundu ya sahani kwa mia chache za milimita (mia moja ya fundi ni 0.01), ikasukumwa humo kwa presi, basi, inajishikilia yenyewe. Ndiyo maana konrodi ikichoka unaweza kubomoa krenki na kuifunga upya, na ndiyo maana ukishaifunga unainyoosha kwa nyundo. Hilo la nyundo mzee wetu aliambiwa siku ya kwanza kabisa. Alicheka, akasema mafundi wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa utani hatujambo.

Mzee ni mwalimu wa hesabu mstaafu. CG yake ilikuja karakana juu ya guta, imefunikwa shuka, naye amekaa pembeni ameshika usukani wa pikipiki utadhani anaiendesha.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Inagonga.”

Tukafungua hedi, kile kifuniko cha juu, na silinda. Akawahi kuishika konrodi na kuitikisa kushoto kulia. “Mnaona? Inacheza!” Hapo akakosea, kama wanavyokosea wengi. Konrodi lazima icheze kushoto kulia, la sivyo oili haipiti na inaungua. Ikiwa mpya, nafasi ya ubavuni inakuwa kati ya milimita 0.05 na 0.30, na kikomo ni 0.80. Kinachoua ni mchezo wa juu chini. Unaipandisha pini mpaka juu kabisa, unaikamata krenki isizunguke, unaishika konrodi na kuivuta na kuisukuma wima. Ukisikia “ti” hata ndogo, beringi imekwisha. Yake ilisema “ti” hadi muuza kahawa akageuka.

Mwalimu akatoa daftari, akaandika 0.05, 0.30 na 0.80, akapiga mstari chini. Kuanzia hapo akawa mkazi wa benchi letu.

Seti ya konrodi ya CG haina shida Kariakoo, kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo feki nazo hazina shida. Boksi la kwanza mwalimu alilikataa kabla halijafunguliwa, eti maandishi yake yana makosa ya tahajia. Dogo, saidia fundi wetu, akacheka. Tukaitia pini kwenye maikromita: ncha moja imeizidi nyenzake kwa 0.02. Pini ya namna hiyo inabana sahani moja na kulegea kwenye nyingine, na injini ikichemka sahani iliyolegea inajizungusha. Mwalimu akaandika daftarini: “Amefeli.” Boksi la pili likapita, kipenyo sawa ncha zote mbili, rola laini, hakuna ukwaruzo.

Kabla ya kubomoa kuna kazi mbili ambazo fundi mwenye haraka huziruka, halafu anakuja kulia baadaye. Kwanza unaweka guniya, rula ya pembe mraba, kwenye kingo za sahani zote mbili na kuchora mstari unaozikata kwa pamoja, ili wakati wa kufunga ujue zilikaaje. Pili unapima kwa vernia upana wa jumla, kutoka uso wa nje wa sahani hii hadi uso wa nje wa ile. Upana huo usiporudi vile vile, krenki haitakaa sawa kwenye bloku. Kisha presi ya tani 20. Sahani ya juu inaegemezwa kwenye vyuma vinene karibu kabisa na pini, na unasukuma pini, si shafti. Pini iliyokaa miaka mingi haitoki kwa upole. Inakaa kimya, kimya, halafu inapiga “PAA!” Mwalimu aliruka, daftari likaangukia kwenye ndoo ya oili chafu. Akaliokota, akalifuta kwa leso, akauliza kama mlio huo una kipimo chake.

Pini mpya ililazwa kwenye sehemu ya barafu ya friji ya mama lishe wa jirani, ndani ya kopo lenye mfuniko. Hii si ramli. Kwa kila milimita 30 za kipenyo, chuma kikishuka kutoka joto la Dar hadi nyuzi 18 chini ya sifuri kinasinyaa karibu 0.017. Sahani nayo ukiipasha moto ikapanda nyuzi 100, tundu la ukubwa huo linapanuka karibu 0.035. Hapo presi inafanya kazi bila kukwangua chuma. Mwalimu alizipiga hesabu hizo mwenyewe, akakubali. Alichokataa ni harufu. Friji ilikuwa imejaa vibua.

“Honda yangu itanuka samaki?”

“Mzee, ikizunguka mara elfu saba kwa dakika haitakumbuka samaki.”

Kwenye CG kuna mtego mmoja zaidi. Mafuta ya beringi ya konrodi yanapita ndani ya shafti, yanaingia kwenye sahani, kisha kwenye tundu dogo la pini. Ukiingiza pini tundu likaangalia kwingine, umefunga injini nzuri sana itakayokufa kabla hujafika Chalinze. Kwa hiyo pini inachorwa alama kichwani, na ikishaingia unachukua sirinji ya duka la dawa, unasukuma oili kutoka mwisho wa shafti. Oili lazima ichuruzike kwenye rola. Mwalimu aliomba aisukume yeye, ikachuruzika, akasema “Vema,” kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari.

Sahani ya pili ndiyo yenye kazi. Pini ikishaingia milimita mbili tatu unasimamisha presi, unaweka rula ya chuma kwenye kingo za sahani zote mbili, unaangalia mwanga. Ukiona mwanga, unairekebisha hapo hapo, maana bado inasikia. Kisha unasukuma taratibu, fila ya 0.20, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ikiwa kati ya konrodi na sahani, na unaacha inapoanza kubanwa.

Tukaipandisha kwenye mashine ya kuchonga, katikati ya senta mbili, zile ncha zinazoishika krenki kwenye vitobo vya miisho ya shafti, baada ya kusafisha vitobo hivyo. Uchafu humo utakuonyesha ugonjwa ambao krenki haina. Saa mbili za kupimia, zile zenye mshale unaoonyesha shafti inavyoyumba, kila moja ikigusa shafti karibu na sahani yake. Unazungusha kwa mkono, polepole. Kushoto 0.14, kulia 0.12. Kikomo cha kuchoka ni 0.10, nasi tunataka 0.03 au chini, pungufu ya nusu ya unene wa unywele.

Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Mshale wa kushoto ulikuwa unapanda robo mzunguko kutoka kwenye pini, na wa kulia ulikuwa unapanda upande wa pili kabisa. Maana yake ni moja: sahani zimesokotana kidogo, kila moja imezungukia pini upande wake. Akachora duara mbili, akaweka mishale, akakumbusha kwamba saa ikisoma 0.14 kitovu kimehama 0.07 tu, kwa sababu mzunguko unahesabu kosa mara mbili. Sahihi kabisa. “Sasa,” akasema, “chombo cha kurekebisha mia saba za milimita kinaitwaje?”

Dogo akakiinua. Nyundo ya shaba nyekundu, kilo moja na nusu.

Huwezi kupiga krenki ikiwa kwenye senta, utaharibu vitobo. Unaishusha, unaikamata sahani moja mkononi, na ile nyingine unaipiga ukingoni, pale mshale ulipopanda. Konrodi haiguswi. Pigo la haki linasogeza mia mbili tatu, la hasira linasogeza hata kumi. Nikaishika, dogo akapiga. “DUU!”

“MNAIUA HONDA YANGU!”

Sikujua mtu wa umri ule ana mikono yenye kasi vile. Alinipokonya krenki, akaifunga kwenye shuka la pikipiki, akaipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki, akaingia kwenye bajaji iliyokuwa inashusha abiria mlangoni. “Nipeleke Tandika! Twende!”

Dogo, kwa uaminifu wake, akatoka mbio nyuma ya bajaji. Bila kuweka nyundo chini.

Sasa fikiria unavyoonekana Gerezani saa sita mchana: kijana amejaa oili hadi kwenye nyusi, nyundo mkononi, anakimbiza bajaji yenye mzee aliyekumbatia kifurushi, anapiga kelele “Mzee simama! Lete hiyo!” Kabla hawajaifikia Barabara ya Kilwa, foleni ikaisimamisha bajaji, na wananchi wakamsimamisha dogo. Wengine walishamshika ukosi, mmoja anauliza nani ana kamba. Mwalimu akageuka, akaona, na hapa nampa heshima yake, akashuka kumwokoa. Katika kushuka shuka likafunguka. Krenki ikaanguka kwenye lami, ubavu kwanza, upande wa uzito, mkabala na pini.

“Mwacheni! Huyu si mwizi, ni fundi wangu!”

“Fundi gani anakimbiza mteja na nyundo?”

“Nyundo ni ya hii hapa,” mwalimu akasema, akiokota krenki. “Inanyooshwa.”

“Chuma chote hicho kinanyooshwa kwa kinyundo hicho? Si ndiyo kuharibu?”

Mwalimu hakuwahi kustahimili jibu lisilo sahihi. Akafungua daftari lake lenye oili, akaanza somo pale pale kati ya magari: sahani mbili, pini, kushoto 0.14, kulia 0.12, kosa liko robo mzunguko kutoka kwenye pini, kwa hiyo nguvu sharti iingie ukingoni mahali hapo, na nguvu ya ghafla kwa chuma laini ndiyo pekee inayoweza kusogeza pini iliyobanwa bila kuiachia. “Kwa hiyo,” akahitimisha, kidole juu, “ni LAZIMA ipigwe!”

Kukawa kimya. Mama mmoja mwenye sinia la ndizi akauliza, “Sasa baba, kama ni lazima ipigwe, unaitorosha ya nini?”

Bajaji iliwarudisha wote wawili, nauli akalipa mwalimu. Njia nzima, dogo anasema, hakutamka neno.

Tulipoirudisha kwenye senta saa zilisimulia ajali yote. Ule msokoto ulikuwepo, na juu yake ugonjwa mpya: mishale yote miwili sasa ilikuwa inapanda zaidi kwenye upande wa pini, kushoto na kulia kwa pamoja. Sahani zimebanana upande ulio mkabala na pini, pale ilipopigwa na lami. Huo hauponi kwa nyundo ya ukingoni. Unachomeka kabari kati ya sahani, mkabala na pini, unaigonga kidogo, unaitoa, unapima. Ingekuwa kinyume, mishale ipande mkabala na pini, ungezibana upande huo kwenye jiliwa. Na kabari inatangulia. Ukianza na msokoto, kabari itakuvurugia kila ulichofanya.

Mwalimu alikubali kubaki kwa masharti yake. Yeye ndiye atakayesoma saa, yeye ndiye atakayetia alama ya chaki mahali pa kupiga, halafu atageuka aangalie kalenda ya ukutani, ndipo aseme “Piga.” Ikawa hivyo. Anasoma, anachora chaki, anageuka, “Piga,” DUU, mabega yanaruka, anageuka tena, anasoma. Alama zake zote zilikuwa sahihi. Kalenda ilikuwa ya mwaka juzi, hakuligundua hilo.

Kushoto ikatulia 0.02, kulia 0.03. Akataka tumalizie mpaka sifuri. Nikakataa. Kila pigo linasugua pini ndani ya tundu lake, ukifukuzia sifuri utapata sifuri iliyolegea. Akafikiri, akaandika 0.02 na 0.03, akaweka vema mbili.

Injini ikafungwa na beringi mpya za pembeni, sili mpya, oili mpya. Kiki ya tatu ikawaka. Tukamwambia kilomita 500 za mwanzo asiivute, na asiilazimishe mlima kwa gia kubwa, maana konrodi hufa zaidi kwa kulazimishwa kuliko kwa kukimbizwa. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye hedi.

“Kuna kitu kinasema tik-tik-tik.”

“Hizo ni tapeti za valvu, mwalimu. Nafasi yake tunaiweka 0.08, injini ikiwa baridi.”

Akatoa daftari, akaandika 0.08, akapiga mstari chini. Kisha akamtazama dogo, akatazama benchi, akasogea taratibu akakaa juu ya nyundo.