Paka Aliyecheka Mbagala

Mjomba ana meno bandia manne ya mbele, juu, yaliyopachikwa kwenye kibao cha plastiki kinachofunika kaakaa. Hakina waya hata mmoja. Na kwa kuwa fundi wa meno bandia katika ukoo ni mimi, mzee yeyote akipaliwa, simu ni yangu.

Safari hii alikuwa changu wa Feri, wa kupaka, nazi nzito. Mjomba akamvamia kwa meno ya mbele. Ukiuma kwa mbele namna hiyo, kibao kinaachia kaakaa kwa nyuma na kulegea. Kaakaa nalo, ambalo kazi yake ni kukuonya kwamba hapa pana mwiba au tonge hili ni kubwa, liko chini ya plastiki, halina habari. Mwiba wa changu ukapita salama mpaka kooni, ukagota hapo.

Nafika, nakuta majirani wote ni madaktari. Huyu analeta donge la ugali mkavu, yule ndizi nzima.

"Acheni ugali!" nikapiga kelele. Tonge linausukuma mwiba uzidi kuzama, na likikwama juu yake mnakuwa na kesi mbili. "Mjomba shikamoo, hebu fungua mdomo."

"Mahahaba."

Meno hayamo.

"Kayameza!" mkewe akaangua kilio, tukarukia bajaji.

Hospitali wakapiga eksirei. Picha safi. Mkewe akashukuru Mungu, ikabidi nimharibie: plastiki hii kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, ungeonekana waya kama ungekuwapo. Ndiyo maana kibao kidogo kisicho na waya kinanitisha kuliko seti nzima, ambayo kwa upana wake kupita kooni ni shughuli. Mkewe akaanza kulia upya. Daktari akaingiza kamera, akautoa mwiba. Meno hakuyaona.

Simu ikaita. Mjukuu: "Babu, paka yuko juu ya ukuta, anacheka."

Mjomba alikuwa ameyatema pamoja na miiba, na sahani ikamwagwa nje.

Tuliporudi mkewe alikuwa wa kwanza jikoni, kabandika birika ayachemshe. Nikalizima jiko: maji ya moto yanapinda plastiki, na kibao kilichopinda hakikai tena. Mswaki, sabuni ya maji, maji ya kawaida. Kisha nikakagua nyufa, na alama za paka nikazipiga msasa.

Bibi wa nyumba ya pili, mwenye seti nzima juu na chini, akatangaza kwamba kuanzia leo anakula kibogoyo. Hapana, bibi! Ukimeza, taya la chini linahitaji pa kuegemea ili ulimi upate nguvu ya kusukuma. Bila meno taya linayumba na nyama inashuka nzimanzima. Kama seti inacheza, fizi zimenywea; njoo tuijaze upya.

Mjomba nikampa masharti. Samaki achambuliwe kwa vidole kwanza, tonge nusu ya lile alilozoea, atafune kwa magego ya pande zote mbili, asiongee kabla hajameza. Daktari aliongeza lake: kila akimeza, kidevu kiinamie kifuani.

Hilo la kidevu amelishika kuliko yote. Juzi kwenye hitima Temeke, kila akiinama na tonge lake, wenzake mkekani wanainua mikono na kuitikia "amina".