Baba mwenye nyumba

Watu wakisikia una nyumba ya kupangisha Tandika, vyumba sita, wanakuona bonge la tajiri, shemeji yangu siku hizi akipiga simu hata salamu hakuna anaanza na shida. Haya ngoja niwape ya masika.

Nimeenda kukusanya kodi na shati langu jeupe, kiti hakijapata joto mama wa chumba cha mbele kaniletea karatasi kapiga hesabu, ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi. "Baba mwenye nyumba, jengo lako au langu?" Nikajikuna. Kweli bwana, tangu 2021 serikali inakata humohumo kwenye umeme, ilianza buku, 2023 ikapanda, na umeme ananunua mpangaji. Nikampunguzia. Kosa lake akashangilia! Wakatoka wote, kila mtu na madai yake, na mita ni MOJA, nikawaambia jamani mwezi mmoja inakatwa mara moja tu, wakageukiana wenyewe nani alinunua umeme mwanzo wa mwezi, wengine wanatoa simu wanatafuta meseji za tokeni.

Katikati ya ule ugomvi upepo ukageuka. Shimo la choo limejaa, maji ya mvua yameingia mpaka mfuniko unachezacheza kama wa sufuria ya maharage. Nikaita gari la kunyonya. Dereva kafika kaangalia uchochoro kacheka, "bosi hapa haliingii, tuunge mipira, na mipira ni hela nyingine." Laki na ishirini, tripu moja, na anakwambia kabisa shimo hili haliishi kwa tripu moja, akienda kumwaga Vingunguti mpaka arudi ni jioni, na hela ya pili.

Nikasimama pale kwenye maungio nisimamie kazi maana hawa wanaweza kunyonya nusu wakakudai nzima. Mashine ikanguruma, mpira ukatetemeka, ungio likachomoka pwaa! Wapangaji wote walikimbia, mimi nilikuwa nahesabu hela.

Nimesimama mikono juu kama natekwa, shati halina tena rangi unayoweza kuitaja, naomba maji. Mama wa mbele kaja na ndoo mbili bila hata kucheka, mama wa watu, nikamshukuru sana. Nageuka hivi namwona kaokota kalamu, karatasi ileile, anaandika: maji ndoo 2.

Na bili ya maji ya nyumba ile nalipa mimi!