Kibali hakitagi mayai

Kobe bapa hutaga yai moja kwa mpigo, mara chache mawili. Hulifukia ardhini, na mtoto hutoka baada ya miezi kadhaa. Naanza na yai hilo kwa sababu kila mjadala wa biashara ya wanyama hai unapoibuka nchini Tanzania, tunagombana kuhusu vibali, ushuru na nani wa kulaumiwa, lakini hesabu ya uzazi haitajwi.

Kobe huyu anapatikana Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia, basi. Gamba lake limelala kama chapati na linanyumbuka, kwa hiyo akishtuka hategemei kujikunyata humo kama kobe wengine. Anakimbia, tena mbio za kweli, na kujichomeka kwenye ufa wa mwamba ambako mkono wa mtu hauingii. Umbo hilo hilo ndilo linalowavutia wafugaji wa ng'ambo. Wakamataji nao walipoona mkono haufiki, wakaleta jeki ya gari. Jeki inapachikwa kwenye ufa, inapandishwa, jabali linaachia, kobe anatolewa. Ufa uliochongwa na jua na mvua kwa miaka isiyohesabika haurudi tena, na kobe atakayepita hapo kesho hana pa kujificha. Anayejitetea kwamba alichukua wachache tu ajumlishe na nyumba alizobomoa.

Kenya ilishafunga usafirishaji wake mwaka 1981. Tanzania iliendelea, kwa viwango vilivyopangwa na kwa kobe walioandikwa kuwa wamezaliwa mabandani. Mwaka 2019, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Geneva, kobe bapa akapandishwa Kiambatisho cha Kwanza, maana yake wa porini hauzwi tena kibiashara kimataifa.

Sasa tuje kwenye karatasi. Hati ya CITES ina sehemu ndogo inayojazwa herufi moja. W ni mnyama wa porini. C ni mzaliwa wa bandani, ambaye wazazi wake nao walipandana wakiwa bandani. F amezaliwa bandani, ila hajatimiza masharti ya C. Herufi hiyo moja inaweza kuamua kama mzigo unapanda ndege au haupandi, na ndiyo inayodanganyiwa. Swali langu kwa anayegonga muhuri ni la shule ya msingi: huyu mfugaji ana majike wangapi? Tuseme ana majike ishirini wa kobe bapa, na anaomba kusafirisha watoto mia tano kwa mwaka, yaani ishirini na watano kwa kila jike anayetaga yai moja moja. Hapo huhitaji mtaalamu wa wanyamapori. Ziada hiyo imetoka majabalini.

Mimi sipingi biashara hii, wala sioni ajabu mtu kufuga mjusi sebuleni. Watu wanafuga njiwa, wanafuga samaki kwenye tangi. Na wapo reptilia ambao hesabu yao inakubali kabisa. Mamba hutaga hata mayai hamsini kwa mara moja, na wengi mno wa watoto wake huliwa kabla hawajakua. Ukiokota sehemu ya mayai hayo na kuyalea, mto hauhisi pengo. Ndiyo maana mwaka 1983 Zimbabwe ilikubaliwa kuuza ngozi za mamba wa kulelewa, na mamba wake hawakuisha. Ajabu ni kuona watu wakiuchukua mfano wa mamba na kumbandika kobe wa yai moja.

Katikati yao yuko yule mjusi wa buluu wa Kimboza, na kwake ndiko ninakokasirika zaidi. Kimboza ni msitu wa hifadhi chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, wa hekta mia nne hivi. Mjusi huyu ni mdogo kuliko kidole chako, dume lake lina rangi ya buluu inayowaka, na makao yake ni kwenye miti ya jamii ya mkadi, ndugu wa ule ambao maua yake pwani hutiwa kwenye vikuba. Anajificha kwenye makwapa ya majani, juu. Badala ya kupanda, wakamataji walikata mti mzima. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa zaidi ya mijusi 30,000. Tangu mwanzo wa 2017 naye yumo Kiambatisho cha Kwanza.

Lakini mjusi huyu hutaga mayai mawili mawili, mara kadhaa kwa mwaka, na bandani anazaa vizuri. Wafugaji wa Ulaya wanamzalisha majumbani mwao na kuuziana. Sisi wenye msitu hatupati kitu, na kijiji kilicho jirani na Kimboza hakipati hata shukrani. Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, nilielewa. Uchafu ulikuwa umezidi. Juni 2022 likatoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara wasafirishe waliokuwa wamebaki mabandani, kwa miezi sita, nalo likasitishwa ndani ya siku chache. Tangu hapo tunabishana kama mlango uwe wazi au ufungwe, kana kwamba kobe, mamba na mjusi ni mnyama mmoja.

Ningekuwa mimi, kobe bapa asingeuzwa kabisa. Mjusi wa buluu angezalishwa hukuhuku Morogoro, kwenye banda lililosajiliwa CITES, idadi ya majike na mayai ikibandikwa ukutani kwa kila mtu kusoma, na kijiji kikiwa na hisa humo. Soko lipo, ingawa si la utajiri. Bei ya mjusi anayezalishwa kwa wingi haiwezi kuwa ya almasi. Ila Kimboza inavamiwa na Cedrela, mti wa mbao ulioletwa kutoka Amerika, unaosongamanisha msitu na kuibana mikadi. Kuung'oa kunahitaji vijana, mapanga na posho ya kila mwezi, na hiyo posho ndiyo ningeitoa kwenye mauzo ya kwanza, kabla mwenye banda hajalipwa.